Robo Kilo ya Mwalimu

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nimeishi katika kisiwa hiki cha Mombasa miaka hamsini na ushei. Nimeona bwana harusi akitoka mbio kwa mlango wa uani, kofia mkononi. Nimeona mbuzi akipanda ngazi mpaka orofa ya tatu kumfuata aliyemnunua, na nimeona tajiri akibisha hodi kuomba chumvi. Nilianza na jiko moja la makaa kule ufukweni Mama Ngina, limetoboka kama chujio, nikichoma mishkaki jioni watu wakipunga upepo. Leo nina mikahawa mitatu, na ukitaja mishkaki mbele ya mtu wa Mji wa Kale, atakuelekeza kwangu hata akiwa usingizini. Shule sikusoma. Nilifika darasa la tano nikaenda zangu. Wenye shahada huja kwangu kuomba kazi ya kuhesabu pesa, na mimi huwahesabu wao kwanza.

Kwa hivyo nikisema kwamba mtu mmoja alinishangaza, mjue huyo hakuwa mtu wa hivi hivi. Alikuwa Mwalimu.

Jina lake analo, na wakubwa wote wa mtaa walilijua, lakini hakuna aliyelitumia. Alitusomesha hesabu sisi, akasomesha watoto wetu, akastaafu, na miaka yote hiyo alikaa nyumba inayotazamana na yangu katika kichochoro kinachoingia kutoka Ndia Kuu. Madirisha yetu yalikaribiana hivi kwamba mke wangu angeweza kumpa ndimu kwa mkono bila kushuka chini. Na alimpa nyingi, kwa maana Mwalimu kununua ndimu ilikuwa kesi. Niliwahi kumwona sokoni akimrudisha muuzaji nyuma shilingi moja kwa hoja kwamba ndimu mbili kati ya tano zina ganda nene.

"Ganda sili," alisema. "Kwa nini nilinunue?"

Muuzaji akamtazama, akatazama ndimu zake, akatoa shilingi. Alikuwa amechoka, na jua lilikuwa kali.

Ubahili wa Mwalimu ulikuwa na sifa mpaka ng'ambo ya kisiwa. Makubadhi yake yalikuwa na waya nyingi kuliko ngozi. Gazeti hakununua hata siku moja. Alisoma zile karatasi zilizofungiwa njugu, kwa hivyo habari za mwezi uliopita alizijua barabara, na alizijadili kwa hasira mpya kana kwamba zimetokea asubuhi ile. Kwa muuza kahawa alikuja na kikombe chake mwenyewe, maana alishapima akaona ni kikubwa kidogo kuliko vile vya muuzaji. Jioni, kati ya magharibi na isha, aliketi kwenye baraza yangu badala ya yake.

"Taa yako inawaka hata nisipokuwapo," alinieleza. "Yangu ingewaka kwa ajili yangu."

Huyo huyo bahili, kila siku baada ya alasiri, alikusanya watoto wa mtaa akawafundisha hesabu kwa chaki juu ya sakafu ya baraza, bila senti. Chaki alinunua kwa pesa zake. Mzazi mmoja alimpelekea bahasha, ikarudi. Nikamwuliza, mie mwenye mdomo: "Mwalimu, ndimu wazipigania, bahasha wairudisha?"

"Ndimu ni mali," akasema. "Hesabu si yangu. Niliikuta."

Sasa nieleze neno lake kubwa, kwa sababu bila hilo hamtaelewa kitu. Neno lenyewe ni "Umefikaje?" Tulipokuwa darasani, mimi nilikuwa napata majibu upesi kuliko wote. Mama yangu alikuwa akiuza kaimati, na mimi ndiye nilikuwa nikirudisha chenji. Hesabu zilikuwa vidoleni. Mwalimu anaandika ubaoni, mimi nimeshamaliza. Lakini Mwalimu hakutaka jibu peke yake. Alitaka chini yake uandike mstari kwa mstari jinsi ulivyolipata. Mimi nilikuwa nikiandika jibu tu, natupa kalamu. Kuna siku nilipata majibu kumi yote sahihi, na akanipa sifuri kati ya kumi.

"Mwalimu, nimekosa wapi?"

"Hukukosa. Majibu ni sahihi. Umefikaje?"

"Nimejua tu."

"Jibu bila njia ni uvumi," akasema, na darasa likacheka.

Nikaapa siku ile kwamba nitamwonyesha. Na nilimwonyesha! Maisha yangu yote ni jibu sahihi: nyumba, mikahawa, watoto waliosoma, gari la kubebea bidhaa lenye jina langu ubavuni. Mtu anayeniuliza nimefikaje, namwambia ingia, uketi, ule.

Ila Mwalimu hakula. Hilo ndilo lililokuwa likiniuma. Nilipofungua mkahawa wa kwanza Makadara nilimpelekea sahani ya mishkaki imefunikwa vizuri, na mkate wa mofa juu. Ikarudi na salamu: anashukuru, amefunga. Mwaka wa pili nikapeleka tena. Anashukuru, ameshiba. Miaka ikapita, mji mzima umeshakula kwangu, na mwalimu wangu hajaonja hata kipande. Nikajiambia ni ubahili tu: bahili huogopa hata cha bure, maana cha bure hudai kurudishwa.

Na laiti angekuwa hali nyama! Alikula. Kila Alhamisi alivuka kwenda Nyali, kwenye duka moja la vioo na baridi ya mashine, linalouza nyama ya asili, hiyo inayoitwa oganiki: ng'ombe wa majani, asiyedungwa dawa za kumnenepesha, na kila kipande kimebandikwa karatasi inayotaja shamba alikotoka. Kilo shilingi elfu moja na mia nne. Makadara, kwa bucha wangu, kilo ni mia saba. Mwalimu, mpigania ganda la ndimu, alilipa mara mbili! Alinunua robo kilo, akaitia kwenye mfuko wa kitambaa, akairudisha nyumbani ameikumbatia kama mtoto aliyetoka tohara.

Baraza nzima ilimcheka. Tulimwambia Mwalimu amepatikana. Yeye alikunywa kahawa yake katika kikombe chake kikubwa kidogo.

Basi ikaja harusi ya binti yangu Salma, na mambo ya nyama yakaniingilia nyumbani mwangu.

Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya walima. Wageni mia nne, nyama kilo mia mbili, kwa bucha wangu laki moja na arobaini elfu, hakuna la kuuliza. Salma akaja akaketi karibu yangu, ile kuketi ya mtoto wa kike anayetaka kitu.

"Baba, mie walima wangu sitaki nyama ya sindano."

"Nyama ya sindano ndiyo ipi?"

"Ng'ombe wanaodungwa madawa. Mwalimu haili hiyo."

"Mwalimu yuwala robo kilo kwa wiki, mwanangu! Wewe una wageni mia nne. Ya Nyali itakuwa laki mbili na themanini."

"Baba, wewe si husema hakuna kinachokushinda?"

Mtoto anapokupiga kwa fimbo yako mwenyewe, utalia kwa nani? Nikasema haya, tutanunua ya Nyali, mimi ni nani nishindwe na nyama. Ndipo mke wangu, Mama Salma, aliyekuwa akichambua mchele kimya, akainua uso.

"Nunua. Halafu ngoja uone. Mwenye mishkaki amewalisha wageni wake nyama ya Nyali. Kumbe ile anayotuuzia sisi ina nini? Wiki hiyo hiyo utaota moto wa mkaa wako peke yako."

Yakhe, nilikaa chini. Alikuwa amesema kweli tupu. Nikinunua nyama ya ghali, nimetangaza kwa mdomo wangu kwamba ninayouza si ya kumlisha mtu unayemheshimu. Nikinunua yangu, binti yangu anaolewa na kinyongo, na kila akikumbuka harusi yake atakumbuka sindano. Upande mmoja mwanangu, upande mwingine jina langu, ambalo nililijenga kwa moshi mpaka macho yakawa mekundu.

Nikatoka barazani nikiwa nimewaka. Mwalimu yuko mahali pake chini ya taa yangu. Muuza kahawa yuko na dele lake, anagonganisha vikombe. Mutiso naye yupo, mpangaji wangu wa chini, mtu wa Machakos anayefanya kazi bandarini.

"Mwalimu," nikasema, "unaibiwa. Nyama ni nyama. Hakuna tofauti."

"Umefikaje?"

"Kwa ulimi! Ulimi huu umeonja nyama kuliko ulimi wowote hapa pwani!"

Mutiso akacheka mpaka kahawa ikamwagika. "Ulimi gani, mzee? Wewe nyama yako unaitia papai la kulainisha, tangawizi, thumu, ndimu, pilipili, na mengine siyajui. Ukiweka soksi yangu humo nitakula, na nitaongeza."

"Soksi yako italishinda papai," akasema muuza kahawa.

"Kwetu nyama ni chumvi," Mutiso akaendelea. "Kama mnataka kujua ukweli, chemsheni na chumvi tu. Nyama ivuliwe nguo, tuione."

Baraza ikashangilia. Mwalimu akaweka kikombe chini. "Fikra nzuri," akasema, "kesho ni Ijumaa. Baada ya sala. Mimi nitatoa yangu."

Wallahi! Robo kilo yake ya wiki! Alitoa kama mtu anayetoa figo.

Ijumaa ikafika. Mimi nilileta nyama kutoka kwa bucha wangu, sehemu ile ile, paja. Mama Salma akachemsha masufuria mawili, maji na chumvi, hata kitunguu hakuna. Harufu yake kichochoroni ilikuwa ngeni, watu walichungulia madirishani wakidhani kuna mgonjwa. Nikafungwa macho kwa leso. Salma amesimama mlangoni, nasikia bangili zake.

Kipande cha kwanza: laini, hakina neno, sina ugomvi nacho. Nikasukutua. Kipande cha pili, ee Mola! Kilikuwa na utamu unaokuja nyuma, kama mtu anayekuita ukiwa umeshampita. Nilitafuna polepole. Nilisahau kwamba natazamwa.

"Hii!" nikasema. "Hii ya pili ndiyo ya Nyali. Nakubali, nimeshindwa, ina kitu."

Nasikia Mama Salma anakohoa.

"Ya pili ni yako. Ya Makadara."

Hapo kichochoro kililipuka! Nilivuta leso nikaitupa juu. Muuza kahawa anagonga vikombe kama ngoma. Mutiso amenishika mabega ananitikisa: "Mzee umeshindwa ukashinda!" Nikampa Mwalimu sahani naye aonje, nikisema ajifariji. Akatafuna cha kwanza, akatafuna cha pili, akafuta vidole kimoja kimoja.

"Ya pili ni bora," akasema. "Haina shaka."

"Mmesikia! Mwalimu amekiri!" Mimi nishaona laki na arobaini yangu imerudi mfukoni. Nishaona nimesimama walimani nawaambia watu, hii hii mnayokula Makadara ndiyo imeishinda ya Nyali.

"Jibu ni sahihi," akasema Mwalimu. "Umefikaje?"

"Nini tena?"

"Ng'ombe huyu alikula nini?"

"Majani, si ng'ombe?"

"Wapi?"

"Mimi hununua kwa bucha, Mwalimu."

"Na bucha?"

"Kwa mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu!" nikasema kwa sauti, na nilipoisikia sauti yangu nikajua nimekwisha. Mutiso akaanza, "Mtu! Ng'ombe wa Mtu!" na baraza yote ikaitikia.

Mwalimu akatoa mfukoni ile karatasi ya Nyali, imekunjwa vizuri. Akaisoma kama anasoma jina la mtoto aliyefaulu: shamba gani, dume wa umri gani, kala nini, kadungwa nini na nini hakudungwa, kachinjwa siku gani.

"Mimi sinunui utamu," akasema. "Utamu nimeona leo, uko kwako. Mimi nanunua hii."

"Mia saba nzima kwa karatasi?"

"Karatasi ni shilingi moja. Zile mia sita na tisini na tisa ni za mtu aliyekubali kuulizwa akajibu." Akaikunja tena. "Yako huenda ni bora kila siku. Huenda ilikuwa bora leo. Wewe wajua?"

Kesho yake, kabla jua halijachoma, nilikuwa kwa bucha wangu. Tumeanza pamoja yeye na mimi, yeye na kisu kimoja, mimi na jiko bovu.

"Ile nyama ya jana ilitoka wapi?"

"Bara."

"Bara wapi?"

"Bwana wee, bara ni bara. Leo huja wa Tana, kesho wa Taita, siku nyingine hata sijui lori limelala wapi. Kwani ilikuwa mbaya?"

"Ilikuwa tamu sana."

"Sasa wanigombeza kwa nini?"

Nikasimama pale, nyama zinaning'inia, nzi anazunguka, na nikaisikia ile sifuri. Miaka yote hii nilikuwa nimepata majibu kumi kati ya kumi kwa kubahatisha. Leo tamu, kesho Mungu ndiye ajuaye, na mimi natia papai, natia pilipili, mteja analamba vidole, basi. Na nikaelewa pia zile sahani zilizorudi zimefunikwa. Mwalimu hakuogopa deni. Mwalimu alikuwa akisahihisha.

Mwengine angekwenda zake Nyali akalipa, yakaisha. Mimi siye! Nikasema kama ni karatasi, nitaifanya yangu. Nikambana bucha mpaka akanipa mwenye lori, mwenye lori akanipa mahali: nyuma ya Mariakani, upande wa Kinango. Nikakodi gari. Nikamwita Mwalimu dirishani.

"Mwalimu, tunakwenda kumwuliza ng'ombe amefikaje."

"Gari umelilipia?"

"Nimelilipia."

"Nakuja."

Akaja na mayai mawili ya kuchemsha kwenye mfuko ule wa nyama, asije akalazimika kununua chakula njiani, na karatasi ya njugu ya kusoma. Njia nzima alinieleza habari za mwezi uliopita.

Mwenye ng'ombe alikuwa mama mmoja wa Kiduruma, mrefu, fimbo begani, simu inaning'inia shingoni. Mwalimu alimwamkia vizuri, akauliza hali ya nyumbani, hali ya mvua, hali ya mifugo, ndipo akaanza mtihani.

"Hawa hula nini, mama?"

"Unaona duka hapa, baba? Hula hiki kichaka."

"Na wamedungwa?"

"Chanjo ya serikali, wote. Na yule mwekundu aliugua baada ya mvua, nikamdunga dawa siku tatu. Kama mwataka asiyedungwa, yule msimchukue."

Hatukuwa tumemwuliza habari za mwekundu. Mwalimu akamtazama.

"Hukumficha."

"Nimfiche ng'ombe? Mkubwa vile, nitamweka wapi?"

Mwalimu alicheka. Nimemjua toka utoto, na sikuwahi kujua kwamba ana meno mazuri vile. Akainua kidole akachora alama ya sahihi hewani, kubwa, mbele ya ng'ombe wote.

Nilichagua madume wawili weusi, wa kutosha kilo zangu mia mbili. Mama akataja bei, mimi nikakunja mikono ya kanzu, maana kupatana bei ndiko kulikonijengea nyumba. Nikashusha mara moja, nikashusha ya pili. Ya tatu nikahisi mtu ananivuta kanzu nyuma.

"Basi," akaninong'oneza Mwalimu. "Ukimbana zaidi, mara nyingine atamficha mwekundu."

Hayo anayasema mtu wa ganda la ndimu! Nikalipa elfu sitini na mbili kila mmoja. Yule mama akaagana nasi kwa kutuambia majina yao, na Mwalimu akayaandika nyuma ya karatasi ya njugu.

Walima ule msiniambie kitu. Tumechinja kisheria, daktari wa mifugo amepiga muhuri wake, pilau limepakuliwa, masinia yamepangwa, watu wanne wanne wamekaa. Kabla ya bismillahi nikachukua kipaza sauti. Mama Salma ananikonyeza niketi. Sikuketi. Watu hutangaza ukoo wa bwana harusi. Mimi nikatangaza ukoo wa ng'ombe! Nikataja walikozaliwa, kichaka walichokula, chanjo waliyochomwa, mama aliyewalea, na majina yao. Wageni walicheka mpaka wazee wakashika mbavu. Wakala. Nikaona katika sinia la wazee Mwalimu anawasukumia wenziwe vipande vizuri, kama adabu inavyotaka, naye anabaki na mfupa, na ule mfupa akaumaliza.

Salma alinitazama kutoka dirisha la juu. Sitasema zaidi, mimi si mtu wa machozi.

Tangu hapo katika kila mkahawa wangu kuna ubao mweusi mlangoni. Tunaandika: nyama ya leo, kutoka kwa nani, wapi, kadungwa nini. Bucha alinung'unika, kisha akaanza kujisifu kwamba lilikuwa wazo lake. Ng'ombe wa kujulikana hawapatikani kila siku, na bei imepanda kidogo, mimi pia nimepandisha kidogo, anayetaka aje, asiyetaka aende kwa Mtu. Mwalimu alinipa sharti moja. Siku tusiyojua, tuandike hatujui. Siku ya kwanza nilipoandika "Leo hatujui ilikotoka", Mama Salma alidhani nimerogwa. Wateja wakasoma, wakacheka, wengine wakala samaki, wengi wakala ile ile. Lakini kesho yake, ubao uliposema tunajua, walijaa mpaka tukakosa viti.

Kisha bintiye Mwalimu akaja kumchukua akaishi naye Malindi, kwa sababu ya magoti na ngazi. Siku mbili kabla ya kuondoka, baada ya alasiri, niko Makadara nagombana na mtu wa mkaa, nikaona makubadhi yenye waya yanaingia.

Alisimama mlangoni akasoma ubao. Akavaa miwani, akausoma tena. Kisha akaketi, mwenyewe, kwenye meza ya katikati.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nipe mshikaki mmoja."

Nimehudumia mawaziri, nimehudumia watalii wa meli nzima. Lakini siku hiyo nilishika kijiti kama mwizi. Nilimchomea mwenyewe, nikampelekea mwenyewe, nikasimama. Akala kipande cha kwanza. Cha pili. Vijana wa jikoni wote wamejitokeza. Akamaliza, akalaza kijiti sawa kando ya sahani.

"Papai limezidi," akasema.

"Naam, Mwalimu."

"Bei?"

"Aa, Mwalimu, wewe ni bure maisha!"

"Sikuuliza hivyo."

"Hamsini."

Hapo ndipo, enyi jamaa, hapo ndipo nilipojiandaa. Nilijua linakuja. Atasema kijiti hali, kwa nini akilipie. Atasema kipande cha mwisho kilikuwa kidogo. Nilikuwa tayari kushuka mpaka ishirini, mpaka kumi, kwa furaha! Mwalimu akatia mkono mfukoni, akatoa noti ya hamsini iliyokunjwa mara nne, akaikunjua, akainyoosha juu ya meza kwa kiganja, akaiacha hapo. Hakupunguza hata senti.

Mimi, ambaye hakuna kitu cha kunishangaza, nilibaki mdomo wazi.

Alipotoka alisimama tena kwenye ubao. Akatoa chaki yake mwenyewe, kile kipande cha mfukoni, akatia alama ya sahihi chini ya maandishi yangu. Kisha akageuka.

"Ile nyama ya walima. Ilikuzidia kiasi gani?"

"Kama elfu kumi hivi, Mwalimu."

"Kama," akasema. "Hivi." Akatikisa kichwa, akaenda zake.

Basi hesabu hii hapa, Mwalimu, na nimeandika mstari kwa mstari kama ulivyotaka toka darasa la tano. Madume wawili, elfu sitini na mbili kila mmoja: laki moja na ishirini na nne elfu. Lori: elfu kumi na nne. Machinjio na daktari: elfu tano na mia sita. Gari la kwenda na kurudi Kinango, na soda ya yule mama, maana wewe ulikunywa maji: elfu sita, mia tatu na hamsini. Jumla laki moja, arobaini na tisa elfu, mia tisa na hamsini. Toa laki moja na arobaini elfu ambazo ningelipa bila kuuliza. Nyongeza ni elfu tisa, mia tisa na hamsini. Toa hamsini zako. Utasema hizo si za hesabu hii. Nami nasema ndizo za kwanza kuingia, kwa kuwa ni kwa ajili ya hizo hamsini nilichoma miaka yote ile.

Jibu: shilingi elfu tisa na mia tisa.